Mtungi Ulikuwa Mwepesi

Wasomaji wenzangu, mnivumilie kwa mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na haya nashindwa kuyasema kwa mdomo...

Nina miaka ishirini. Nilitoka Iyula kuja Tunduma kumsaidia dada yangu Tumaini kibandani kwake, kando ya foleni ya malori. Yeye alisuka nywele, mimi niliwauzia bodaboda petroli ya chupa. Dada aliogopa sana moto, akanunua mtungi mwekundu wa unga wa kuzimia moto. Alinifundisha: simama mgongo ukiwa upande wa kutokea, vuta pini, elekeza mpira chini moto unakoanzia, bonyeza, pitisha huku na huku.

Mchana mmoja mteja alikuja na sigara mkononi. Petroli ikamwagika, moto ukashika! Dada akauchukua mtungi ukutani, akavuta pini, akabonyeza. Fsss... basi. Shemeji, mumewe, akarusha ndoo ya maji. Jamani, petroli huelea juu ya maji! Moto ukatembea na maji yale hadi kwa dada.

Vidole vyake vimegandana. Atamsuka nani sasa?

Mtu wa zimamoto alitueleza kwamba maji ni ya mbao, karatasi na nguo. Petroli ni unga au povu. Umeme ni unga au gesi ya kaboni, kamwe si maji wala povu. Na mshale wa kipimo cha mtungi uwe kwenye kijani. Nani kati yetu aliwahi kuutazama?

Vijana wa foleni ndio walionifungua macho. Kumbe shemeji alikuwa akiwaazima madereva mtungi wetu ili wapite ukaguzi, naye apewe chochote! Dereva mmoja akavuka nao Zambia, hakurudi. Shemeji akatundika mwingine mtupu, aliouokota gereji.

Nilipomuuliza pale hospitali alikolazwa dada, hakukana. Alininong'oneza, "Shemeji, ndoa ya dada yako iko mdomoni mwako."

Nilimwambia dada nikiwa namlisha uji. Hakushtuka.

"Nilijua nilipoushika," alisema. "Ulikuwa mwepesi."

Kisha akaniambia, "Kampe na shemeji yako uji, hajala tangu asubuhi."

Nililia nje, peke yangu...

Ndugu zangu, leo hii ushusheni mtungi wenu. Upimeni uzito, tazameni mshale. Msimwazime mtu, hata kama mpaka unafungwa! Na mniandikie, nawaomba. Dada amerudi kwa mumewe. Mimi nifanyeje?