Panya wa Kizimba cha Tatu

Vizimba viwili vilikuwa na panya. Cha tatu kilikuwa kitupu, na mlango wake umerudishwa vizuri.

"Wote kumi na wawili, Afande," alisema Prudensia, mwanafunzi Mtanzania aliyewafunza panya njia kwa shoti ya umeme katika maabara moja ya ughaibuni, mjini Arlington. "Kesi siitaki. Nawataka panya wangu."

"Hawa walioibwa walikuwa na nini?" aliuliza Inspekta Elimringi.

"Shoti kali. Wa shoti ndogo wanajifunza polepole, wa wastani upesi. Hawa waliganda tu."

Mwizi gani huyu, anaacha werevu na kubeba mbumbumbu?

Kikulacho ki nguoni mwako. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa kadi ya Wilondja, Mkongomani wa mji jirani wa Euless aliyewalisha panya hao. Saa nne asubuhi, siku hiyohiyo ya Jumamosi, alikuwa kituoni, ameshikilia suruali isiyo na mkanda, mkanda wenyewe umezuiwa kaunta. Elimringi alimsimamia kichwani.

"Wako wapi?"

Wilondja alivuta suruali juu.

"Wiki ijayo unaapa uraia. Nikiandika wizi hapa, uraia kwaheri. Wako wapi?"

Jasho lilimtoka Wilondja. Elimringi akatazama jalada lake, akapiga meza.

"Binti yako anaitwa nani?"

Mdomo ulifunguka, jina halikuja. Jina la mtoto wake wa kumzaa.

Elimringi aliona haya. Macho yale aliyajua. Alikuwa nayo mwenyewe darasa la tatu kule Marangu, mbele ya kiboko cha mwalimu, akitakiwa kutaja jedwali la saba ambalo nyumbani aliliimba lote. Akafunga jalada, akaketi, akaagiza chai, akauliza habari za foleni ya kutoka Euless.

Kikombe kilipofika nusu, Wilondja alisema, "Élodie. Mutoto wangu anaitwa Élodie. Zile panya ziko mu chumba yake."

"Kwa nini?"

"Miye namufundisha hesabu na mukanda. Akikosa, naongeza nguvu. Siku moja naona zile panya zimejikunja mu kona, nasema, huyu ni mutoto wangu kabisa. Nilimupelekea, nimuombe samahani. Maneno yalinishinda."

Huko Euless, panya walikuwa ndani ya boksi la viatu vya mvua. Élodie, wa miaka tisa, alikuwa akiwagawia biskuti. Elimringi aliwahesabu: kumi na wawili, wazima. Kisha akachuchumaa.

"Saba mara nane?"

Élodie alitazama kwanza kiunoni kwa baba yake. Wilondja alikuwa bado ameshikilia suruali.

"Fifty-six," alisema mtoto, akaendelea kugawa biskuti.