Simu Zilizonyamaza Kibirizi

Kila alasiri Leonia akitoka shule hupitia ofisi ndogo ya wavuvi mwaloni Kibirizi, mitumbwi inapoegeshwa, kumsaidia shangazi yake, Catherine, kazi za kompyuta. Kompyuta hiyo hupokea taarifa za vipima upepo vilivyoko milimani Kalinzi, kisha huzituma kwenye simu za wavuvi. Upepo mbaya ukija, simu hulia na mitumbwi haitoki.

Kompyuta ililindwa na ukuta wa mtandao, yaani programu inayochagua taarifa ipi iingie na ipi izuiwe. Shangazi aliuamuru ukuta huo kwa maktaba ya programu, mkusanyo wa amri zilizokwisha andikwa na wataalamu. Mistari michache ilitosha kuongeza kanuni, kuzitazama zote au kufuta mojawapo. Leonia alijifunza upesi, akajiona fundi kuliko aliyemfundisha.

Mbalamwezi ilipoingia, wavuvi wa dagaa walianika nyavu wakapumzika, kwani mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa. Leonia alitaka kupakua mchezo, na mtandao ulikuwa mzito. Ili taarifa za upepo zisimpunguzie mtandao, akaandika kanuni ya kuzuia vipima upepo vyote. Alijiambia kwamba hakuna anayekwenda ziwani, ataifuta siku za giza zikirudi. Mchezo ukamnogea, akasahau.

Siku za giza zikarudi. Alasiri ya kwanza taa zilipakiwa mitumbwini mapema. Hewa ilikuwa nzito, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa imemezwa na wingu jeusi. Wavuvi walilitazama wingu, wakatazama simu zao. Kimya. Selestini, baba yake Leonia, alicheka akasema mashine ingekuwa imeona kitu ingelia.

Leonia alimsikia akiwa mlangoni mwa ofisi, akaikumbuka kanuni yake. Woga ukamshika. Akinyamaza, shangazi atadhani vipima vimeharibika. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na baba alikuwa amekwisha kunja suruali, anasukuma mtumbwi.

Alikimbia mpaka majini.

"Baba, usiende. Mimi ndiye niliyezinyamazisha simu."

Wavuvi waligeuka wote. Leonia alitamani mchanga ummeze. Shangazi hakumkaripia, alimrudisha ofisini, akamwambia aifute kanuni yake mwenyewe. Aliita kanuni zote, akaiona yake juu kabisa, akaifuta. Vipima vilipojaribu tena kutuma taarifa, simu zililia mwalo mzima.

Kabla jua halijazama upepo ulishuka. Mabati yalipiga kelele, mawimbi yakapanda hadi kwenye chanja za dagaa. Mtumbwi wa Selestini ulikatika kamba, ukapasuka kwenye mawe ukiwa mtupu. Selestini alimgeukia Leonia.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "ningekuwa ndani yake."

Leonia alilia. Shangazi akamwekea mkono begani.

"Ulijua la kufanya, ukaliahirisha. Mlango ulioufunga wewe, rudi uufungue wewe. Na ukikosea, sema watu wakiwa bado nchi kavu. Leo umesema, ndiyo maana baba yako atakula nyumbani."