Chupa Yenye Harufu ya Farasi

Fundi matandiko alimwaga manukato ya mchumba wake kwenye sinki, kisha ndipo akauliza yalikuwa ya nani.

Walikutana mwaka jana kwenye maonyesho ya farasi, watu wamebanana. Fundi alibeba tandiko begani. Binti wa gauni la kijani akamkanyaga kwa kisigino.

"Samahani, kaka!"

"Kanyaga na mguu wa pili, usije ukaona wivu."

Binti alicheka hadi akaegemea tandiko. Alikuwa mchanganya manukato. Pua yake ndiyo mshahara wake.

Sasa, Jumatatu moja, fundi alimkumbatia akanusa shingoni mwake harufu ya ngozi ya matandiko, nyasi kavu na jasho la farasi. Hakulala. Kesho yake mchana akampigia simu.

"Uko wapi?"

"Zizini, mpenzi. Kazini."

"Na nani?"

"Na farasi kumi na wawili. Nikutajie wote?"

Nyuma yake mwanamume akacheka. Fundi aliijua sauti ile. Ni yule mpanda farasi wa suruali nyeupe, ambaye yeye fundi alimshonea tandiko mwezi uliopita, anayependa kuitwa bingwa.

Ijumaa akaenda nyumbani kwa binti na ufunguo aliopewa. Ndani ya kabati akakuta chupa isiyo na jina. Akafungua. Harufu ile ile! Akamwaga yote. Binti akaingia na mifuko ya sokoni, jikoni kote kunanukia.

"Umefanya nini?"

"Mwambie bingwa wako anunue nyingine! Ya nani hii?"

"Yako, mjinga wewe."

"Mimi sinukii hivi."

Binti akavuta droo, akatoa kamba mbili za aproni na mfuko wake wa mbele. Fundi akaitambua aproni yake ya zamani, aliyodhani imetupwa.

"Iliyobaki niliiloweka kwenye spiriti wiki sita. Zizini nilifuata nyasi na singa za farasi. Wewe umeizoea harufu yako, huisikii tena mwilini mwako. Mimi nakusikia toka ngazini. Nilitaka siku ya harusi ninukie wewe."

Fundi akaunusa ule mfuko. Akaketi sakafuni.

"Si ungeniambia, laazizi?"

"Si ungeuliza kabla ya kumwaga?"

"Basi kata aproni hii niliyovaa."

"Hiyo ina miezi minne. Haijashika harufu bado."

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Harusi ipo?"

Binti akaketi ubavuni pake, gauni likalowa maji yaliyodondoka kutoka sinkini.

"Ipo. Ila nitanukia sabuni. Na huyo bingwa wako ana mke na watoto watatu, siku ile ya simu alikuwa anacheka na mkewe."

Wakaoana mwezi uliofuata. Wivu ule ulikula wiki sita za kazi, safari tano za zizini, na aproni ya miaka kumi na minane. Sinki lilinukia siku tatu, kisha basi.