Kilichosimama Kwenye Mwanga

Bendera ya uwanja ule wa ndege ilining'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani, lakini kipima-upepo kilionyesha upepo mkali wa ubavuni.

"Mashine yako mbovu!" mkuu wa kampuni, akiwa garini, alimfokea fundi wake. "Wanunuzi wanakuja kesho. Irekebishe!"

Fundi alimeza hasira. Kifaa alikiunda mwenyewe: taa ng'ambo ya uwanja, darubini huku, upepo ukipita katikati, mwanga hutetemeka, nacho husoma kasi yake. Hakijawahi kumdanganya. Sasa kilisoma upepo ukienda kulia, ukitulia, ukirudi kushoto, kama kifua cha mtu aliyelala.

Redio ikakoroma. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akiilinda taa kule ng'ambo.

"Shemeji," alinong'ona, "huyu uliyemtuma ni nani?"

"Sijamtuma mtu. Zima taa, uje!"

Mkuu akashuka, akampokonya redio. "Ole wake atakayegusa taa hiyo! Nawafukuza wote wawili!"

Harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa fundi puani. Akainamia darubini, na pale katikati ya mwanga, mahali palipokuwa patupu, akaona hewa imejikunja ikawa mgongo, mgongo ukawa mabega, na mabega yale yakageuka polepole kuelekea taa, kama mtu aliyeamshwa kwa kumulikwa usoni, kisha redio ikatoa ukelele mmoja, ikanyamaza.

Jioni shemeji alilala sebuleni kwa fundi, macho wazi, mwili wa moto. Mama mganga aliyeitwa kumtibu alimshika kisigino, akauliza kwa upole, "Bwana mkubwa, unataka nini?"

Sauti iliyotoka haikuwa ya shemeji. "Nilikuwa nimelala. Nani alikataza taa kuzimwa?"

Mganga akamnong'oneza fundi, "Usijibu, mwanangu. Ukimtaja mtu, umemkabidhi. Nipe muda nimbembeleze."

Nje honi ililia. Mkuu alikuwa amefuata kifaa, ambacho fundi alirudi nacho nyumbani. "Fundi! Huyo mvivu ameacha kuigiza?" alipaza sauti. "Leteni mashine yangu!"

Fundi alimtazama shemeji, midomo imepasuka, kifua kikipanda kwa shida. Hasira aliyoimeza mchana kutwa ikampanda kooni. Akainua mkono, akaelekeza kidole dirishani.

"Yule pale."

Pazia likavutika kuelekea nje, likanyooka, likaanguka. Shemeji akapepesa macho, akaomba maji.

Honi ikaanza tena, na safari hii haikukoma. Mganga akaachia kisigino, akamtazama fundi kwa woga, kama vile jini lenyewe ni yeye.

Fundi akaenda kuleta maji.