Mgeni Asiyekuja Mikono Mitupu

Kijiko hakikuwa chake. Mwanabaraka alikikuta kwenye droo ya jikoni, katikati ya vijiko vyake vya kawaida. Kilikuwa cha fedha, kizito, chenye ua kwenye mpini. Alimwuliza bintiye, Najla. Najla, aliyezaliwa London, alijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu, kwamba yeye hanunui vijiko.

Ilikuwa Disemba, na alasiri ilikuwa imeshaingia kiza. Mwanabaraka alikuwa ametoka kazini. Anatunza wazee majumbani mwao: anawaogesha, anawapa dawa, anawapikia. Alikikosha kijiko, akakirudisha kwenye droo, akalala na sare yake.

Siku ya pili alikuta medali juu ya friji. Hiyo aliijua. Ilikuwa ya Mzee Balbir, mteja wake wa hapo hapo Wembley, naye huivaa kila mwaka siku ya kuwakumbuka askari. Akakumbuka pia alikokiona kile kijiko: kwenye kabati la vioo la Mzee Balbir.

"Nani kaingia humu?" aliuliza.

Hakuna aliyeingia. Mlango ulikuwa na komeo. Lakini ukumbini palinuka tumbaku na mafuta ya nywele, na katika nyumba ile hakuna mwanamume.

Cha tatu kilikuwa bangili ya dhahabu ya Bi Daksha, mteja wake mwingine wa Stanmore. Ilikuwa juu ya mto wa Mwanabaraka, imewekwa kwenye leso nyeupe iliyokunjwa pembe kwa pembe, kama zawadi, na godoro pembeni lilikuwa limebonyea kama pale mtu anapokaa kumsubiri mwenyeji, na alipotia mkono pale palipobonyea akakuta baridi kama ya chuma kilicholala nje.

Asubuhi msimamizi wake kazini, Komal, alimpigia simu.

"Dada, watoto wa Mzee Balbir wamelalamika. Na Arjun, mwana wa Bi Daksha, anaulizia bangili. Mchana anakwenda kwa mama yake. Kama una la kuniambia, niambie kabla yake."

"Sijaiba, Komal."

"Najua. Lakini mimi siandiki ninachokijua. Naandika nilichoambiwa."

Mtunzaji akishatajwa kwa wizi haruhusiwi tena kuingia nyumba ya mzee yeyote. Mwanabaraka hakuwa na kazi nyingine, na Najla bado alikuwa akisoma. Alivirudisha vitu vya Mzee Balbir, kisha akapanda treni hadi Ilford, kwa Maalim Zein, mtu wa kwao Pemba, anayesomea watu nyuma ya duka la simu.

"Umemkaribisha nani?" Maalim aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Nina nafasi ya wageni mimi, Maalim? Chumba kimoja na mtoto."

"Fikiri. Nyumba kongwe."

Alifikiri. Wiki iliyopita, nyumbani kwa Bi Daksha, alikuwa akitoka na mifuko miwili ya nguo chafu. Mwanamume mwenye koti refu jeusi na glavu alimshikia mlango. Alidhani ni rafiki wa Arjun. Kwa uchovu alimwambia alivyozoea kumwambia kila anayemtendea wema: "Ahsante, karibu na kwetu."

"Kwa Kiswahili?"

"Ndicho kilichotoka."

Maalim akacheka kidogo, bila furaha. "Wale hawahitaji mkalimani."

Habari za nyumba ya Bi Daksha majirani wanazijua. Enzi za Malkia Victoria aliishi humo Septimus Croyle. Alikula na matajiri, akacheza dansi na wake zao, na kulipokucha vito vyao vilikuwa mfukoni mwake. Hakuvunja mlango hata mmoja, alisubiri aalikwe. Wala hakwenda kwa mtu mikono mitupu: alichomwibia mwenyeji wa jana alimtunuku mwenyeji wa leo. Waliofungwa walikuwa wajakazi. Yeye alifia kitandani mwake, na magazeti yakasifu adabu zake.

"Aliyekufa harudi," Maalim alisema. "Hili ni jini lililokaa naye, likaipenda kazi yake. Sasa linakufuata kila nyumba unayofunguliwa."

"Lifukuze basi."

"Mgeni uliyemwalika hafukuzwi, mwanangu. Anasindikizwa. Mrudishe alikotoka, na alichokuletea. Na mkifika usimuage. Usimjibu neno, jibu ni mwaliko."

Kwenye treni ya Stanmore watu walisimama, wameshikilia vyuma, na kiti cha pembeni mwake kikabaki kitupu kituo hadi kituo, na kila aliyekikaribia alisita, akanusa, akageuka, na Mwanabaraka akatazama dirisha jeusi la mbele yake asione humo ila uso wake uliochoka na, begani pake, vidole vya glavu vikigonga polepole kama vya mtu asiye na haraka.

Bi Daksha alikuwa kwenye kiti chake. Mwanabaraka aliiweka bangili mezani. Arjun alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe ni wewe," alisema kwa Kiingereza. "Napiga simu polisi."

"Arjun, wacha," mama yake alisema. Alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake hakijapotea. "Mwana, umemrudisha?"

Mwanabaraka akatikisa kichwa kukubali. Nyuma yake mbao za sakafu zililia, moja baada ya nyingine, mlio ukampita, ukampita na Arjun, na Arjun akajibana ukutani. Alipotia mkono mfukoni, simu haikuwamo. Ilikuwa mapajani mwa mama yake, juu ya leso nyeupe.

Bi Daksha hakuigusa, akamwambia mwanawe:

"Chukua chako, baba. Mimi sijamshukuru mtu. Miaka thelathini nakaa naye, sijamsemesha."

Arjun alimpigia Komal mbele yao. Alisema bangili imepatikana, Mwanabaraka hana kosa, na aendelee kuja kila siku. Kisha akatoka. Hajaingia tena, husimamisha gari nje na kumpungia mama yake.

Mwanabaraka ana kazi. Kila siku anafungua mlango ule. Wiki ya kwanza palikuwa kimya. Ya pili, sauti ya kiume ilianza kumsalimu kutoka juu ya ngazi, kwa Kiswahili cha Pemba, taratibu, kama mtu anayejifunza. Yeye alilelewa kwamba salamu hainyimwi jibu, na ulimi humtangulia akiwa amechoka, na amechoka kila siku.

Jana sauti ile ilimwuliza kama Najla hajambo. Mwanabaraka aliweka birika, akasubiri maji yachemke, mdomo ameuziba kwa mkono.