Bolti ya Nyuma ya Injini

Soko la injini kuukuu siku ya Jumamosi halina adabu. Watu wanakanyagana, wapakizi wanapiga mluzi upishe mkokoteni, na kila muuzaji anaapa kwamba injini yake imetoka jana tu kwenye gari la mtu mpole. Katikati ya vurugu hizo fundi alisikia sauti ya mwanamke ikisema, "Basi nifungie hii hii," akageuka kumwona anayetaka kuibiwa mchana kweupe.

Alikuwa amevaa jinzi yenye madoa ya vanishi na shati jeupe lililokunjwa mikono, penseli kaichomeka kwenye nywele. Mbele yake injini inang'aa kama sufuria mpya.

"Dada, hiyo usinunue," fundi akasema.

"Kwani unaitaka wewe?"

"Ningeitaka ningenyamaza. Chomoa kijiti cha oili uone."

Mwanamke akachomoa. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

"Imeingia maji," fundi akasema. "Nje imeogeshwa, ndani marehemu."

Muuzaji akasonya. Mwanamke akamkagua fundi kuanzia kofia mpaka viatu. "Na wewe ni nani, daktari wa injini?"

"Fundi tu. Na wewe mwenye penseli kichwani, mwalimu?"

"Seremala. Nina pikapu imenifia uani na makabati ya zahanati nzima yananisubiri niyapeleke. Haya, daktari, nichagulie iliyo hai."

Akamchagulia. Kazi ya nusu saa ilimchukua saa mbili, na sababu aliijua mwenyewe.

Jumatatu pikapu ikavutwa mpaka gereji. Rejeta, mipira ya maji, nyaya, vyote vilikuwa chini kabla ya saa sita. Shida ilikuwa kule nyuma. Bolti nne za juu, zile zinazoifunga injini kwenye giaboksi, zimejibana kwenye ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva. Huzioni, unazipapasa tu. Mkono wa fundi ni mpana. Uliingia mpaka kifundoni ukakwama, ukatoka umechubuka.

"Hebu pisha," seremala akasema jioni, alipopitia kutoka kazini kwake. "Mkono wangu unaingia kwenye droo ambazo hata paka anakata tamaa."

Akapanda kwenye bampa, akalala kifudifudi juu ya injini. Fundi akaingia uvunguni na racheti ya mpini mrefu. Mwanamke ashikize boksi la spana kwenye kichwa cha bolti, mwanamume azungushe kutoka chini, ndiyo kazi ilivyotaka. Fundi akapenyeza vidole amwonyeshe mahali, vikakutana na vidole vya seremala kwenye giza na grisi.

"Umeipata? Ni hiyo?"

"Hicho ni kidole changu, fundi."

"Samahani."

"Nani kakwambia uondoe?"

Wee! Fundi alijigonga kichwa kwenye bomba la moshi na hata hakusikia maumivu.

Jioni ile walitoa bolti moja. Jumanne wakatoa mbili. Huku wakifanya kazi walizungumza bila kuonana, mmoja juu na mmoja chini, na watu wasioonana husema mengi.

"Nilikuwa na mchumba," seremala alisema. "Kila nikimwuliza lini unakuja kwetu, ananijibu bado kidogo. Miaka mitatu ya bado kidogo. Halafu nikasikia ameoa."

"Mjinga sana huyo."

"Mjinga nilikuwa mimi. Sasa hivi mtu aniambie ndiyo au hapana, hata kama inauma."

Jumatano asubuhi fundi akiwa peke yake akapata njia. Alifungua chuma kinachobeba mkia wa giaboksi, akaushusha taratibu kwa jeki, injini nayo ikainama kwa nyuma, na upenyo ukafunguka juu. Akapitisha racheti na mipini mitatu iliyounganishwa, na bolti ya nne ikatoka kilaini. Alipaswa kuimba. Badala yake alikaa kitako nayo kiganjani, moyo umemwia mzito. Injini ikitoka leo, kesho inaingia nyingine, keshokutwa mwenyewe anawasha gari na kwenda zake. Na jioni nani tena atapanda kwenye bampa?

Basi akafanya upumbavu ambao ni fundi peke yake anaweza kuufanya. Aliirudisha ile bolti mahali pake kupitia upenyo uleule, ikakaa, haikukazwa, kisha akaipandisha giaboksi.

Saa sita simu ikalia.

"Mpenzi wangu anaendeleaje?" seremala akauliza.

Moyo wa fundi ukaruka. "Mpenzi yupi?"

"Pikapu, bwana! Ulidhani nani?"

"Aa. Bolti ya nne imegoma. Bado kidogo."

Maneno yaleyale, jamani! Alitamani ayameze, lakini yalishafika. Sauti ya upande wa pili ikasema polepole, "Haya. Nitakuja jioni."

Alikuja jioni hiyo, na Alhamisi akaja tena. Mara zote fundi alimwambia bolti imemwagiwa dawa ya kutu, waiache inywe. Wakakaa kwenye kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, wakanywa chai, wakacheka. Fundi hakuwahi kuwa na furaha kama ile, wala woga kama ule.

Ijumaa mchana seremala akaja bila kupiga simu. Fundi alikuwa chini ya lori jingine. Alipotoka, mwanamke keshalala juu ya injini, mkono umezama mpaka bega. Akashuka na bolti mkononi.

"Nimeizungusha kwa vidole viwili," akasema. "Imelegea tangu lini?"

Fundi alitaka kudanganya. Hakuweza. "Tangu Jumatano."

"Kwa nini?"

Fundi akaokota kitambaa, akaanza kujifuta grisi mikononi kwa aibu.

"Jana nimewabembeleza watu wa zahanati kama mtoto, nikiitetea bolti yako. Nilikuambia jambo moja linaloniuma, fundi. Moja tu." Akamwekea ile bolti kiganjani na kuondoka.

Fundi alimaliza kazi kwa siku mbili bila kula vizuri. Aliyekuja kuchukua gari alikuwa kaka yake seremala.

"Dada hajambo?" fundi akauliza.

"Kaniambia nisijibu swali lolote," kaka mtu akajibu, akawasha gari na kutoka nalo.

Alipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Wiki ya kwanza, ya pili. Kila ikifika saa kumi na moja macho yake yalikwenda getini yenyewe. Akisikia muungurumo wa pikapu, spana inamponyoka.

"Unakonda, ndugu yangu," fundi rangi wa pale gereji alimtania. "Hilo gari la nani unalolisikiliza kutwa?"

Fundi alimkumbuka seremala mpaka kwenye ncha za vidole. Kila alipopenyeza mkono nyuma ya injini ya mtu, alikuta chuma tu.

Wiki ya tatu akanyoosha shati kwa pasi na kwenda kwa seremala. Karakana ilikuwa imejaa vumbi la mbao na harufu ya vanishi, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Seremala alikuwa amebana mbao mbili za mlango, gundi mbichi inachuruzika. Hakumsalimia.

"Shika hapa. Bana kwa nguvu. Usiachie mpaka niseme."

Fundi akabana. Mwanamke akachukua randa, akaendelea na ubao mwingine, mgongo kampa.

"Ulitaka nini hasa?"

"Nilitaka uje jioni."

"Si ungesema njoo?"

"Ningesema, ungekuja?"

"Hukujaribu! Ukanitia kwenye bado kidogo kama yule."

"Najua. Sikuja kujitetea," fundi akasema. "Nakupenda. Niliogopa kukwambia, nikaisingizia bolti."

Randa ikasimama, kisha ikaendelea. Fundi akazidi kubana.

"Zahanati je?"

"Waliningoja. Wana huruma kuliko wewe." Akapuliza vumbi la randa. "Simu zako zote nilizisikia. Siku ulipopiga mara nne, nusura nipokee."

"Na ya tano?"

"Hukupiga."

"Nilidhani nakuudhi."

"Ulikuwa unaniudhi. Ndiyo upige!"

Muda ukapita. Mabega yanamwaka moto, jasho limelowesha lile shati la pasi. "Mpenzi, gundi haijashika tu?"

"Imeshika zamani."

"Mbona huniambii niachie?"

Seremala akageuka, macho yamejaa machozi, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Nilitaka ukae. Hamu na wewe ilikuwa inaniua, mjinga wewe."

Fundi akaachia. Hakujua mikono aipeleke wapi, akaipeleka kwake, na haikukataliwa.

"Nataka kukuoa," akamwambia sikioni. "Naomba nije kwenu."

"Lini?"

"Jumapili hii. Saa nne asubuhi."

Seremala hakungoja hata kufuta machozi. Akachukua simu, akapiga pale pale. "Mama, Jumapili tuna mgeni. Yule fundi."

Sauti ya mama ilisikika mpaka mlangoni. "Wa gari? Limeharibika tena?"

"Gari zima kabisa, mama. Anakuja kwa ajili yangu."