Nilimwachia Redio Mwanangu

"Mwanarehema! Mtoto kaungua!"

Nilitupa mwiko nikatoka mbio, hata buibui sikukumbuka. Mwanangu Rama, miaka minne, yuko chini mkahawani kwa Thoya, kifua chote kimebabuka kwa chai ya moto!

Jamani, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya. Vidole vyangu vimekataa.

Ilikuwa Likoni, mwaka 1961. Rama alikuwa hasemi, akiitwa haitiki. Siku hizi wanaita usonji. Sisi tulisema ana pepo, nami nikamficha kwa aibu. Kila asubuhi nilimkalisha mbele ya redio ya babake. Kile kioo chake kilichowaka alikikodolea macho hadi jioni, nami nikakaanga mahamri yangu kwa raha.

Nikimwacha, maneno yangu ni yale yale.

"Kaa hapo. Usitoke. Mama yuaja."

Basi baba mkwe akafariki. Nyumba yenye msiba redio haifunguliwi. Mama mkwe, Bi Dhahabu, akaizima na kuifunika kanga.

"Mama, mtoto atahangaika..."

"We! Maiti yuko ndani, wewe wataka redio? Mpeleke chumba cha nyuma, watu wasimuone!"

Nikampeleka. "Kaa hapo. Usitoke. Mama yuaja."

Nikaenda kuwapikia watu wa matanga. Sikurudi!

Kumbe alisikia redio ya Thoya ng'ambo ya njia, akaifuata. Ilikuwa rafuni, juu ya jiko. Akapanda kuifikia, sufuria ikammwagikia.

Jioni ile babake aliipasua redio kwa shoka.

"Hii ndiyo iliyompoteza mwanangu!"

Niliona afadhali ilaumiwe redio.

Siku ya tatu hospitalini, Rama akafungua kinywa... Kwa mara ya kwanza! Nikalia kwa furaha, nikasogeza sikio.

"Kaa hapo," akasema. "Usitoke. Mama yuaja."

Kwa sauti yangu mimi! Wallahi, miaka minne nilikuwa sijamwambia zaidi ya hayo.

Alipona. Akaishi hadi miaka hamsini na mbili, na neno jingine hakusema. Kila nikiinuka kutoka chumbani, aliniambia hayo hayo.

Usonji haukuletwa na redio, wala hauletwi na simu. Lakini mtoto wangu niliipa redio imlee, na hilo nitaulizwa mimi.

Na wewe unayesoma, wako yuko wapi sasa hivi? Weka simu chini. Kaa naye, zungumza naye, hata kama haitiki.